Mawe ya Njiani: Kutoka Kiriri Hadi Chemchemi ya Naili

Kila apandaye Kiriri wakati wa jioni, jua likikaribia kuzama nyuma ya milima ya Kongo, huliona jiji la Bujumbura limetandikwa chini yake kama mkeka ambao upindo wake mmoja umelowa majini. Yako mabati, iko miembe, iko misikiti ya Buyenzi ambako Kiswahili husikika tangu alfajiri hadi usiku, iko bandari, kisha ni maji matupu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na pale penye shimo lake kuu kina chake kinakaribia kilomita moja na nusu. Lakini kutoka juu huku laonekana dogo na pole, kana kwamba mtu angeweza kulivuka kabla chai haijapoa.

Kiriri ni mtaa wa mlimani, upande wa mashariki wa katikati ya jiji. Nyumba zake nyingi za kale zilijengwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, nazo hupata upepo ambao watu wa bondeni huusikia kwa sifa tu. Hapo pana majengo ya Chuo Kikuu cha Burundi ambayo hapo awali yalikuwa shule ya mapadre Wajesuiti iliyoitwa ya Roho Mtakatifu. Na jirani yake, kwenye kilima cha Vugizo, limo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekiongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa Waziri Mkuu, na akauawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba ya mwaka huo huo akiwa mezani hotelini, karibu na ziwa. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, naye hakuuona. Kila ifikapo 13 Oktoba, viongozi na wananchi hupanda mlima kuweka mashada ya maua.

Kaburi hilo si kioja, wala halistahili kutiwa katika kundi la vioja vya barabarani. Limetajwa kwanza kwa sababu moja tu: hilo ni jiwe ambalo kila apitaye analijua limewekewa nani, lini, na kwa nini. Mawe mengine ya njiani hayana bahati hiyo. Mtu akishuka kutoka Kiriri na kushika barabara ya kusini, au akipanda kuelekea Ijenda na Matana, atakutana na kumbukumbu ambazo wapita njia wengi huzitazama kwa dirisha la basi, wakauliza jirani, wakajibiwa vibaya, wakalala usingizi.

WANAOZIANDIKA

Katika nchi nyingi wako watu ambao burudani yao ni kuzitafuta kumbukumbu za namna hiyo, kuzipiga picha na kuandika habari zake. Hawalipwi, na mara nyingi jamaa zao huwaona wana walakini kidogo. Huko Marekani alikuwako bwana mmoja, John Margolies, aliyefariki mwaka 2016. Tangu mwaka 1969 hadi mwaka 2008 aliendesha gari nchini mwake akipiga picha za vituo vya petroli vyenye umbo la chungu cha chai, duka lenye umbo la bata, na mabango ya nyumba za wageni zilizokwisha kufungwa. Akipiga picha alisubiri asubuhi yenye mbingu nyeupe pe, akaliondoa gari lake lisionekane, ili kitu kibaki peke yake. Leo picha zake zaidi ya 11,000 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na vingi kati ya vitu alivyovipiga vimekwisha kubomolewa. Picha ndiyo iliyobaki.

Vingine viliokolewa. Katika mji wa Margate, jimbo la New Jersey, pana jengo la ghorofa sita lenye umbo la tembo, la mbao lililofunikwa kwa bati, ambalo mfanyabiashara wa viwanja aliyeitwa James Lafferty alilijenga mwaka 1881 ili wanunuzi wavutiwe kuja pwani. Tembo huyo aliyepewa jina la Lucy alizeeka, akavuja, akakaribia kubomolewa. Mwaka 1970 wananchi wa mji ule walichanga fedha, wakamhamisha mzima mzima hadi kiwanja kingine, na mwaka 1976 Serikali ikamtangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuuliza tembo wa bati ana faida gani. Faida yake ni kwamba watu wa Margate wanajua mji wao ulianzaje, na wanalijua kwa kumtazama tembo.

Afrika Mashariki haina tembo wa ghorofa sita. Lakini ina mawe, nayo yana mambo.

JIWE LA MUGERE

Kutoka katikati ya Bujumbura kuelekea kusini kwa barabara ya Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, mwendo ni wa kiasi cha kilomita 12 tu kufika Mugere. Ni njia ya samaki. Saa za asubuhi wauzaji husimama kando na mikeke wabichi na mafungu ya ndagala, na familia yenye busara hununua wakati wa kurudi, siyo wakati wa kwenda, isije ikapanda mlimani na harufu.

Hapo Mugere, juu ya barabara, mahali panapolitazama ziwa, limesimama jiwe kubwa la asili. Juu yake yamechongwa majina mawili na tarehe moja: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Hakuna zaidi ya hayo.

Kutokana na uchache huo wa maneno ndipo yalipoota masimulizi. Mtu asomaye majina mawili na tarehe moja hudhani mara moja kwamba hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone kwa mara ya kwanza, akamwamkia kwa lile neno lake lililokuja kujulikana ulimwenguni kote. Wako waongozaji wa wageni waliolisema hivyo, na ziko kadi za posta zilizolisema hivyo. Na si ajabu: kila mji ungependa kuwa mahali pa jambo kubwa. Hata hivyo sivyo ilivyokuwa.

Wawili hao walikutana Ujiji, karibu na Kigoma ya leo, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Kwa hesabu ya Stanley ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone linaelekeza mwisho wa Oktoba, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameugua njiani na homa ilikuwa imewapotezea siku. Ujiji ina mnara wake na miembe yake, nayo haina haja ya kugombana na mtu. Mugere ilikuja baadaye, katika safari nyingine ambayo kwa hakika ni ya maana zaidi kwa yeyote atakaye kuijua nchi, ijapokuwa haina salamu maarufu.

Swali lililowasafirisha lilikuwa la maji. Tangu mwaka 1858, Richard Burton na John Speke walipolifikia Ziwa Tanganyika, wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu mto Rusizi ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilo. Kama Rusizi unatoka ziwani, basi huenda ukaelekea kaskazini na kuwa mwanzo wa Naili. Kama unaingia ziwani, basi dai hilo limekufa. Burton na Speke walifika Uvira, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia, lakini hawakufika kuuona kwa macho. Hivyo ubishi uliendelea miaka kumi na mitatu, watu wakigombana London juu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Uvira alilijua tangu utotoni.

Kwa hiyo katikati ya Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mtumbwi ule ulichongwa katika gogo la mvule, nao uliazimwa kwa Said bin Majid, Mwarabu mkazi wa Ujiji. Ndani yake walikuwamo wapiga makasia kumi na sita, viongozi wawili wa Kijiji, mpishi aliyeitwa Ferajji, na kijana Selim aliyekuwa mkalimani wa Stanley. Alikuwamo pia Susi, mtumishi wa Livingstone. Siku ya tisa wakaupita mdomo wa mto Mugere, wakatia nanga katika nchi ya mtawala Mukamba, ambaye aliwapokea kwa ukarimu. Walilala hapo siku mbili. Stanley alishikwa na homa, na mzee Livingstone ndiye aliyemuuguza.

Usiku mmoja wa siku hizo ulitokea mkasa ambao haukuchongwa jiweni. Mukamba alikuwa ametoa pombe nyingi kwa wageni wake. Susi alikunywa hadi akakosa dira, akaingia katika kibanda cha bwana wake gizani, akapanda kitandani, akajifunika blanketi lote. Livingstone alipoamka kwa baridi alidhani ni Stanley aliyelala ubavuni mwake, akasogea pembeni kwa adabu ya kizee. Kulipokucha ndipo alipomwona ni Susi. Stanley aliyasimulia hayo kwa kicheko, na anasema adhabu aliyopewa Susi ilikuwa makofi machache tu na aibu.

Mkasa huo umeelezwa hapa kwa sababu ya Susi mwenyewe. Huyo huyo aliyechekwa Mugere ndiye, mwaka 1873, Livingstone alipofariki katika nchi ambayo sasa ni Zambia, aliyeongoza pamoja na Chuma msafara uliouchukua mwili wa bwana wao kwa miguu hadi Bagamoyo. Uliwachukua miezi mingi, na wengine walikufa njiani. Mwili ulizikwa Westminster Abbey mjini London tarehe 18 Aprili 1874. Askari yeyote aliyewahi kumbeba mwenzake hata kilomita tano anaweza kukadiria kazi ile. Jina la Susi haliko juu ya jiwe la Mugere, wala la Ferajji, wala la Selim, wala la mpiga kasia hata mmoja kati ya kumi na sita, wala la Mukamba aliyekuwa mwenye nchi. Mtumbwi ulikuwa na watu zaidi ya ishirini. Jiwe lina wawili.

Kutoka Mugere wasafiri waliendelea kaskazini wakafika kwenye mdomo wa Rusizi, wakautazama. Mto ulikuwa unaingia ziwani. Hilo likawa limekwisha. Maji ya Tanganyika hutokea upande mwingine kabisa, kwa mto Lukuga ambao Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874, nao huyapeleka katika mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Kabla ya katikati ya Desemba 1871 mtumbwi ulikuwa umerudi Ujiji.

(Mdomo huo wa Rusizi umekuja kupata kivutio kingine ambacho hakikubali kusimama mahali pamoja: mamba mkubwa aitwaye Gustave, mwenye makovu ya risasi, anayedaiwa kula watu wengi kupita hesabu inayoweza kuthibitishwa. Mwaka 2002 walimtegea kizimba cha chuma, wakamsubiri, na mamba akakipita. Filamu ya jambo hilo ilionyeshwa mwaka 2004. Wapenzi wa vioja walikwenda kumtafuta. Familia zenye watoto zinashauriwa kumtafuta katika filamu.)

MAJINA YASIYOCHONGWA

Jambo la majina halikuanza Mugere wala haliishii hapo. Dar es Salaam, kwenye njia panda ya barabara ya Samora, imesimama sanamu ya shaba ya Askari, bunduki yake yenye singe ikielekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kabla yake, mahali pale palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa mwaka 1909. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968.

Sanamu ya Askari ni nzuri, na wapenzi wa picha wameipiga kutoka kila pembe. Lakini hao inaowakumbuka hawakutajwa hata mmoja kwa jina. Maandishi yanawataja pia wapagazi, waliobeba risasi, unga na majeruhi, na ambao walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na wananchi wakalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Mama anayekwenda kununua vitunguu Kariakoo, Dar es Salaam, anatembea juu ya kumbukumbu kubwa kuliko ile ya shaba, na hakuna kibao kinachomwambia.

Hapo ndipo kazi ya waandishi wa vitu vya njiani inapoacha kuwa mchezo. Jiwe husema alilotaka mchongaji. Anayelipiga picha bila kuuliza hurudia tu neno la mchongaji, kwa sauti kubwa zaidi. Anayeuliza ndiye anayewarudisha watu mtumbwini.

PIRAMIDI YA RUTOVU

Safari ya pili kutoka Kiriri huenda juu. Barabara ya Ijenda hupanda kwa kona nyingi, hewa hubadilika, migomba hupungua, na mtu aliyeanza safari akitokwa jasho hutafuta sweta kabla ya saa mbili kupita. Akina mama wasidanganywe na joto la Bujumbura: Rutovu, katika mkoa wa kale wa Bururi, iko juu ya mita 2,000, na mtoto aliyevalishwa kama wa pwani atatetemeka.

Njiani hupitwa mgongo wa milima ambao wataalamu huuita kigawanyo cha maji ya Kongo na Naili. Ni jambo la kustaajabisha kwa mwenye kulifikiri. Mvua moja, wingu moja. Tone linaloangukia upande wa magharibi hushuka Tanganyika na kwenda Atlantiki, na tone linaloangukia hatua chache upande wa mashariki huanza safari ya kwenda Misri. Livingstone na Stanley walipokuwa Mugere wakiutafuta mwanzo wa Naili majini, milima iliyokuwa imesimama nyuma ya migongo yao ndiyo iliyokuwa na jibu, au angalau jibu mojawapo.

Jibu hilo lilipatikana mwaka 1937. Mjerumani Burkhart Waldecker alifuata mito kinyumenyume, kutoka mkubwa hadi mdogo, hadi akafika kwenye chemchemi ndogo huko Rutovu. Maji yake huingia Ruvyironza, Ruvyironza huingia Ruvubu, Ruvubu huingia Kagera, na Kagera huingia Ziwa Victoria, ambako Naili hutokea Jinja. Mwaka 1938 ilijengwa juu ya kilima hapo piramidi ndogo ya mawe, kwa kuigiza zile za Misri, iwe kama mkono wa ndugu wa juu kwa ndugu wa chini wa mto mmoja.

Ukubwa wake huwavunja moyo baadhi ya wageni. Wamekuja wakitarajia Giza, wakakuta kitu ambacho watoto hukipanda na kushuka kabla baba hajafungua kamera. Chini ya kilima chemchemi yenyewe hutoa maji membamba. Wapo wanaouliza kwa hasira kama hayo ndiyo yote. Ndiyo yote, na hapo ndipo utamu ulipo: mtu anaweza kuutia mto Naili katika kikombe cha bati na bado kikombe kisijae kwa pupa.

Lakini hapa napo pana neno la kusomwa kwa makini. Piramidi hii inadai kuwa chanzo cha Naili kilicho kusini kuliko vyote. Dai hilo si sawa na kusema chanzo kilicho mbali kuliko vyote kwa urefu wa mto. Mwaka 1898 Mjerumani mwingine, Richard Kandt, alikuwa amefuata mto Rukarara nchini Rwanda na kuutaja kuwa chanzo; na mwaka 2006 msafara wa Neil McGrigor na wenzake, uliopanda mto kutoka baharini, ulidai kuwa chanzo cha mbali zaidi kimo katika msitu wa Nyungwe, huko huko Rwanda. Na Waganda wa Jinja, pale Speke alipofika tarehe 28 Julai 1862, nao wana kibao chao. Kila kibao kinaweza kuwa na haki kwa swali lake. Anayeandika "chanzo cha Naili" bila kusema "cha kusini" amekwisha kuanzisha ugomvi wa nchi tatu kwa uvivu wa neno moja.

NAMNA YA KUANDIKA

Familia nyingi za askari na polisi huhamishwa mara kwa mara, na hivyo huziona barabara nyingi kuliko wengine. Ni hazina inayopotea. Baba anajua mto upi una daraja la zamani, mama anajua soko gani lina mti unaosimuliwa, na watoto wanajua mwamba upi una umbo la simba. Lakini hakuna aliyeandika, na baada ya uhamisho mwingine habari hizo husahauliwa pamoja na sufuria iliyoachwa.

Kinachotakiwa si kikubwa. Daftari, kalamu, na simu yenye kamera vinatosha. Maandishi ya jiwe yanakiliwe herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake, kwa maana kosa nalo ni ushahidi. Yasipakwe chaki wala makaa ili yasomeke vizuri, na jiwe lisikwaruzwe. Maji kidogo na mwanga wa ubavuni wa asubuhi huzionyesha herufi kuliko chaki. Picha ya kwanza ipigwe kutoka mbali, ili kuonyesha jiwe liko wapi kwa barabara na mlima. Ya karibu ifuate. Wengi hufanya kinyume, wakarudi na picha za herufi ambazo hakuna ajuaye ziko wapi.

Ruhusa iombwe kwanza. Kizuizi cha barabarani, daraja, kambi na mitambo visiingie katika picha, hata kwa pembeni, na anayesafiri na mtu wa usalama asidhani kwamba hilo linampa uhuru zaidi. Kwa upande mwingine, askari aliye zamu kizuizini akimwona kijana ameinama mbele ya mwamba na daftari mkononi, amuulize kwa upole kabla ya kumshuku. Huenda akajifunza kitu kabla ya zamu kwisha.

Kinachodaiwa kipimwe. Mfano mzuri uko kwenye mstari wa Ikweta, huko Kayabwe nchini Uganda na Nanyuki nchini Kenya, ambako wageni huonyeshwa maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari, kushoto upande wa pili, na kushuka wima mstarini penyewe. Mgeni hushangaa, hulipa, hupiga picha. Ukweli ni kwamba mzunguko wa dunia una nguvu ndogo mno kuyaamuru maji ya beseni hatua chache tu kutoka mstarini. Kinachoyaamuru ni mkono wa mwenye beseni, jinsi alivyoyamimina au alivyogeuka. Mwaka 1962 Profesa Ascher Shapiro wa Marekani aliweza kuuona mzunguko wa kweli, lakini kwa tangi la upana wa karibu mita mbili, maji yakiwa yameachwa yatulie saa 24, na mbali sana na Ikweta. Mwenye beseni wa barabarani hana saa 24. Ana basi linalopiga honi. Hakuna ubaya kumlipa kwa ustadi wake, ilimradi daftarini iandikwe kwamba ni ustadi.

Kisha waulizwe wenyeji. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wageni wa haraka huiruka, nayo ndiyo yenye mali. Mugere, kwa mfano, mtu asiishie kwenye majina mawili. Aulize mahali hapo paliitwaje kabla ya jiwe kuchongwa, nani walikuwa wenye mitumbwi, mji wa Mukamba unasemekana ulikuwa upande gani wa mto. Huenda majibu matatu yakatofautiana. Yaandikwe yote matatu, kila moja na msemaji wake, bila kuchagua lile tamu. Aulizwe mzee kwa heshima yake, aketi kwanza, aamkiwe, apewe nafasi ya kumaliza. Na asipigwe picha ghafla kama kwamba naye ni mwamba.

Nakala moja ya karatasi ibaki na mwandishi, nyingine iachwe shuleni au katika ofisi ya tarafa iliyo karibu na jiwe, maana daftari linalosafiri hupotea na simu huvunjika. Juu ya karatasi iandikwe siku, mwezi na mwaka, na umbali kutoka njia panda iliyo karibu. Na jina la aliyesimulia, ikiwa ameridhia litajwe, liandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule wa jina la mpiga picha.